Jiji la Arusha Liwe na Makumbusho ya Wameru na Waarusha

Mtahiniwa, jijini Arusha utakuta Makumbusho ya Elimu Viumbe katika Boma la Wajerumani, na Makumbusho ya Azimio la 1967. Lakini wenyeji wa Mlima Meru, yaani Wameru na Waarusha, nao wanastahili makumbusho ya utamaduni na historia yao. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet aliwasilisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Zana na masimulizi yao yasipohifadhiwa, ujasiri huo utabaki sentensi moja ya kukariri. Usisubiri jengo. Wahoji wazee wako, uandike. Utakapoulizwa umuhimu wa makumbusho, utajibu kwa mfano unaoujua.