Printa Isitupangie Daftari



Katika ushirika kuna neno moja zito: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limehamia ndani ya kompyuta, na aghalabu kompyuta hiyo imo nyumbani kwa katibu. Maoni yangu ni haya: chama kinachoweka hesabu zake kwa kompyuta yapasa kiipange printa yake chenyewe, mara moja na barabara, kabla msimu haujafunguliwa. Kisikubali tu ule mpango ambao printa ilikuja nao kutoka kiwandani.

Natoa mfano wa wenzetu wakulima wa kahawa wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, maana jambo hili lawahusu wao kama litugusavyo sisi wa karafuu. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa iuzwe kwa njia ya vyama vya msingi, na mzigo wa hesabu ukawaangukia makatibu wa vijijini. Tuseme katibu mmoja wa huko Nkwenda ameandika orodha ya wakulima: jina, kilo na fedha, na chini kabisa jumla na mahali pa kutia sahihi. Akichapa, mistari ya chini haimo. Akichapa tena, haimo. Karatasi kumi zimekwenda, na wino pia.

Printa si mbovu. Programu nyingi za kompyuta hutoka Marekani, na huko watu hutumia karatasi iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Sisi twatumia A4, yenye milimita 210 kwa 297, kipimo kilichothibitishwa kimataifa mwaka 1975, nayo ndiyo iliyochukua mahali pa fulskepu ya zamani. Katibu ameandika kwa A4, lakini printa yadhani imetiwa Letter. Urefu wapungua milimita 18, na katika milimita hizo ndimo ilimokuwa jumla. Mara nyingine mashine hugoma kabisa, ikawasha taa na kungoja karatasi ambayo katibu hana.

Je, hilo ni jambo dogo? Hasha! Mkulima aliyetoka mbali na gunia lake akipewa karatasi isiyo na jumla wala sahihi, ataiamini vipi? Huko Kagera wapo walanguzi wanaonunua kahawa ingali mtini, mtindo uitwao butura, na wapo wanaoivusha kwa magendo hadi Uganda. Mlanguzi hana orodha, lakini ana fedha mkononi. Silaha ya chama ni hesabu iliyo wazi. Chama kikitoa karatasi iliyokatika, chajivunja chenyewe.

Dawa yake haina gharama. Wengi hubadili karatasi wakati wa kuchapa tu, na kesho yake mambo yakarudi yalivyokuwa. Mabadiliko hayo ni ya kazi ile moja. Yapasa kufungua mipangilio ya kompyuta, kwenda mahali pa printa, kuichagua printa yenyewe, na hapo kuweka A4. Halafu weka rangi nyeusi peke yake, maana orodha ya kilo haihitaji rangi. Kuchapa pande mbili kwafaa kwa taarifa za mkutano, kwa kuwa hupunguza karatasi kwa nusu. Lakini stakabadhi ya mwanachama iwe upande mmoja. Wino hafifu nao wafaa kwa kukagua tu. Karatasi ya mwanachama ichapwe kwa wino kamili, isije ikafifia kabla ya malipo.

Tena, wenye Windows waangalie jambo moja. Tangu mwishoni mwa 2015 kompyuta hizo zaweza kujichagulia printa ya kawaida, nazo hushika ile iliyotumiwa mwisho. Leo katibu akitumia printa nyingine, kesho orodha yake yaelekea huko naye akingoja bure. Ruhusa hiyo izimwe, kisha printa ya chama ichaguliwe kwa mkono.

Wapo watakaosema, "Tusiiguse mashine, tutaiharibu, tumngoje fundi." Hofu hiyo naielewa, maana mashine imenunuliwa kwa fedha za wanachama. Lakini mipangilio hii haivunji kitu, na iliyobadilishwa yaweza kurudishwa. Na fundi akija, aipange mbele ya katibu na mjumbe mmoja wa halmashauri, ili maarifa yabaki chamani fundi akisha kwenda zake.

Kwa hiyo natoa shauri. Mipangilio iliyokubaliwa iandikwe kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa kando ya printa. Kabla ya siku ya kwanza ya kupokea mazao, ichapwe orodha moja ya majaribio, na wajumbe waitazame kuanzia mstari wa juu hadi wa chini. Jumla ikiwamo, kazi ianze. Isipokuwamo, mizani isubiri.

Wanachama, ulizeni jambo hili kwenye mkutano ujao. Karatasi ni yenu, wino ni wenu, na jumla iliyo chini ya ukurasa ni jasho lenu.

Mwanachama mwenzenu.