Keria ya Pikapu: Ufundi Tunao, Kinachokosekana ni Mchoro

Leo tuiweke tarakilishi kando kidogo, tuzungumze chuma. Wasomaji wangu mnajua kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo huenda mkajiuliza keria ya pikapu imeingiaje humu. Vumilieni. Kuna hoja ambayo imekuwa ikinikereketa kwa muda, na inahusu namna tunavyotengeneza vitu hapa kwetu, viwe vya chuma au vya msimbo.

Kwa asiyefahamu, ninazungumzia ile fremu ya chuma inayosimamishwa juu ya bodi ya pikapu, nyuma ya kebini. Juu yake mtu hufunga hema la kulalia, mitungi ya maji na dizeli, gurudumu la akiba, jeki ndefu, koleo na mbao za kujinasulia kwenye mchanga. Wapenda safari wengi sasa wanaitaka. Ukielekea kaskazini, ukavuka jangwa la Chalbi kutoka Kalacha hadi North Horr, utajua ni kwa nini: huko hakuna duka la kukimbilia, na unachohitaji ni lazima ukibebe mwenyewe.

Sasa, mtu akitaka keria ana njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza iliyotengenezwa ng'ambo, ya alumini, ikaja kwenye sanduku na bolti zake na karatasi ya maelekezo. Ni nzuri, nyepesi, na bei yake ukiongeza usafirishaji na ushuru inauma. Njia ya pili ni kwenda kwa fundi wa jua kali, Kariobangi au Kamukunji au popote ulipo, ukamwonyesha picha kwenye simu na kumwambia, "Fundi, nitengenezee kama hii."

Msimamo wangu ni kwamba tuende kwa fundi, lakini tuache kabisa habari ya picha kwenye simu.

Nianze na la kwanza. Wapo wanaosema kazi ya jua kali haiaminiki. Hao nawauliza: bodi za matatu wanazopanda kila asubuhi zimetoka wapi? Ni mafundi wa humu humu nchini wanaozijenga juu ya chasisi, pamoja na bodi za malori na matrela kadha wa kadha. Mtu anayeweza kujenga gari la abiria 33 hawezi kushindwa na fremu yenye urefu wa mita moja u nusu. Ufundi tunao. Tunachomnyima fundi ni taarifa. Picha haisemi chuma kina unene gani, hema lina uzito gani, wala gari litapita wapi. Fundi anabaki kukisia, na akikisia vibaya tunamlaumu yeye. Kwenye programu tungesema mteja hakuleta mahitaji.

Tuyaandike basi hayo mahitaji. La kwanza ni uzito. Tuchukue hema la kilo 60, ambalo ni la kawaida. Usiku wanalala watu wawili, tuseme kilo 150 kwa pamoja. Jumla ni kilo 210, na gari limesimama. Watu wengi huishia hapo. Lakini mchana, kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama mabati, keria hiyo ina hema la kilo 60, mitungi miwili ya lita 20 za maji, yaani kilo 40, na gurudumu la akiba la kilo 30 hivi. Hizo ni 130. Gari likidunda, chuma hakihisi tena kilo 130. Mimi huzidisha mara 3 ili kuwa upande salama, na napata nguvu sawa na uzito wa kilo 390. Kumbe safari inaichosha keria kuliko usingizi, na inaichosha maelfu ya mara kwa saa moja. Aliyepanda juu ya keria kwenye gereji, akarukaruka na kusema "iko imara", hajapima lolote la maana.

La pili ni aina ya chuma. Hapa ndipo mazoea yanapotugharimu. Mteja akitaka nguvu zaidi husema, "Weka chuma kizito." Tufanye hesabu. Tyubu ya mraba ya milimita 40 kwa 40, yenye unene wa milimita 2, ina uzito wa kilo 2.4 hivi kwa mita. Ukipandisha unene hadi milimita 3, uzito unafika kilo 3.5, yaani umeongeza asilimia 46, na ukinzani wake wa kupinda umepanda kwa asilimia 39 tu. Lakini ukiuacha unene ule ule wa milimita 2 na kuchukua tyubu ya 50 kwa 50, uzito ni kilo 3 kwa mita, ongezeko la asilimia 26, na ukinzani wa kupinda unakuwa maradufu. Sababu ni kwamba chuma kilicho mbali na kiini cha tyubu ndicho kinachofanya kazi kubwa ya kukataa kupinda. Upana unashinda unene. Hesabu hii ni ya shule ya upili, lakini ni nani aliyewahi kumfanyia fundi wake kabla ya kumtuma dukani?

Keria ya kimo cha wastani, isiyopita paa la kebini, inaweza kutumia mita 14 hivi za tyubu. Kwa 40 kwa 40 ya milimita 2 ni kilo 34. Kwa ile ya milimita 3 ni kilo 49. Hizo kilo 15 za tofauti ni karibu mtungi mzima wa dizeli wa lita 20, umebebwa bure siku zote, na umebebwa juu. Kila kilo unayoipandisha juu inalisaidia gari kulala upande kwenye kona. Ndiyo maana mimi si shabiki wa zile keria ndefu zinazopita paa. Zinapendeza kwenye picha, lakini zinakamata upepo na kuinua uzito, eti kwa sababu fulani alifanya hivyo.

La tatu ndilo lililonisukuma kuandika. Pikapu nyingi zimejengwa juu ya chasisi iliyo kama ngazi. Kebini imefungwa kivyake na bodi imefungwa kivyake, na kati yao pana nafasi unayoweza kupitisha vidole. Nafasi hiyo imewekwa makusudi. Gurudumu moja likipanda jiwe, chasisi inajinyonga kidogo, na kebini na bodi kila kimoja kinacheza upande wake. Sasa mtu anaagiza keria iliyoshikwa bodini kwa nyuma na kwenye paa la kebini kwa mbele, yote imechomelewa pamoja. Amefunga kwa chuma vitu viwili ambavyo mhandisi aliviachanisha. Ni lazima kitu kiachie: paa lipinde, ukuta wa bodi uchanike au kiungo kipasuke. Waandishi wa programu wenzangu mtalitambua kosa hili mara moja. Ni kama kuchukua moduli mbili zilizotenganishwa kwa sababu nzuri na kuzifanya zitegemeane kwa siri. Siku ya majaribio kila kitu hufanya kazi. Balaa huja baadaye, ukiwa mbali na nyumbani.

Kuna ubishi wa miaka yote kati ya kuchomelea na bolti. Wazee wa gereji watakwambia kuchomelea ndiko imara. Nawaheshimu, na kwa kiasi fulani wana haki: fremu za pembeni zichomelewe, kwa kuwa pale unataka pembe isiyocheza. Lakini mataruma ya juu na miguu inayoshika bodi ninasisitiza yafungwe kwa bolti. Sababu ni tatu. Kwanza, ufa wa mtikisiko hupenda kuanzia kando ya mshono wa kuchomelea, na ukiwa umefunikwa na rangi huuoni mapema. Bolti ukiipiga mstari wa rangi unaopita kwenye nati hadi kwenye chuma, utaona kwa macho kila asubuhi kama imelegea. Pili, bolti ikikatika North Horr unabadilisha kwa spana. Mshono ukikatika unahitaji umeme, mashine na fundi. Tatu, ukiuza hema na kununua jingine lenye upana tofauti, unasogeza taruma badala ya kukata fremu.

Bolti zenyewe nazo si za kuokota tu. Tazama kichwa chake: kama kimeandikwa 8.8, basi chuma chake kinahimili megapaskali 800 kabla ya kukatika, na huanza kunyumbuka moja kwa moja kikifika 640. Isiyo na alama yoyote hujui inahimili nini. Weka M10, nati zenye plastiki ndani ili zisijifungue kwa mtikisiko, na chini ya bodi weka bamba la chuma la kusambaza nguvu, maana bati la bodi ni jembamba na bolti peke yake italichana. Kila tundu lililotobolewa lipakwe rangi kabla ya bolti kuingia. Ukiishi Mombasa au Lamu, hili la rangi lichukulie kama amri, kwani chumvi haina simile. Na kama fundi anachomelea chuma chenye zinki, mwache kwanza aikwangue zinki kwa grainda mahali pa mshono, na afanye kazi penye hewa. Moshi wa zinki humtia mtu homa na baridi usiku kucha. Keria yako haistahili kumwugua mtu.

Sasa nirudi kwenye mchoro. Yote niliyoyataja yanaenea kwenye karatasi mbili: vipimo, aina ya tyubu, mahali pa kila bolti, na uzito wa juu unaoruhusiwa. Hakuna kisingizio cha kukosa programu ya kuchorea. FreeCAD ni programu huria iliyoanza mwaka 2002, na Novemba 2024 ilifikia toleo la 1.0. Haigharimu hata shilingi. Asiyeijua achukue futi kamba, penseli na karatasi ya miraba. Fundi hajali mchoro umetoka wapi mradi vipimo ni sahihi.

Na mchoro ukishakamilika, uchapishe kila mtu auone. Hapa najua baadhi yenu mtaruka. Niliwahi kuambiwa kwamba mafundi watakosa riziki kama kila mtu ana mchoro. Sikubaliani. Fundi analipwa kwa mkono wake, jicho lake na mashine yake, na hivyo haviingii kwenye faili. Msimbo wa Linux umekuwa wazi tangu 1991 na watu wanakula kwa kuutunza hadi leo. Kinachomwumiza fundi hasa ni kazi ya kurudiwa bure, pale mteja anaporudi baada ya mwezi akisema keria imepasuka, na hakuna karatasi inayoonyesha walikubaliana nini. Mchoro unamlinda yeye kama unavyomlinda mteja. Na kama fundi ndiye aliyeuchora, alipwe kwa kuchora. Tunalipa wabunifu wa tovuti kwa kufikiri. Mbona fundi tunamlipa kwa cheche tu?

Faida nyingine ni marekebisho. Mtu wa Eldoret akitumia mchoro wangu na kugundua kwamba mguu wa nyuma unapasuka akipita mashimo, atausahihisha, na wa Malindi atapata toleo lililoboreshwa. Leo kila fundi anaanza upya, na kila ufa unafundisha gereji moja pekee.

Siwasemei vibaya wanaoagiza. Mwenye uwezo na asiye na muda, alumini ya ng'ambo itamfaa. Lakini naye ana wajibu ule ule wa kupima. Kila gari lina kikomo cha mzigo kilichoandikwa na mtengenezaji, na keria, hema, abiria na mafuta vyote vinahesabiwa humo. Kununua springi na shokomzoba ngumu zaidi hakubadilishi kikomo hicho, kunaficha tu kwamba umekipita. Na kabla hujatoboa tundu la kwanza, mpigie simu wakala wako wa bima, umweleze unachokwenda kufanya.

Wengine wataniambia ni gari langu, nilifanyie nitakavyo. Sawa, mpaka uingie barabarani. Mtungi wa kilo 20 ukichomoka kwenye keria kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, wewe dereva hutajua hata kilichotokea. Atakayejua ni mwendesha bodaboda aliye nyuma yako na abiria wake, ambao hawakuchagua unene wa chuma chako.

Kwa hivyo safari ijayo ukienda kwa fundi, iache simu mfukoni. Mpe karatasi, mketi nayo, mwulize yeye angebadilisha nini. Mara nyingi atakuwa na neno, na neno lake liandikeni pia. Mwenye hoja tofauti, hasa ninyi wa "chomelea kila kitu", karibuni tubishane, ila mje na hesabu.