Pesa ya Nyumbani Inapungukia Wapi?

Mwaka 2024 Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.95. Mauzo ya chai nje ya nchi hayakufika nusu ya kiasi hicho, na zaidi ya nusu ya fedha zenyewe ilitoka Marekani. Viongozi huzitaja kwa fahari kwa sababu zinaipa nchi dola na kuishikilia shilingi. Ni kweli. Lakini kabla ya kuwa takwimu za Benki Kuu, zilikuwa karo ya mtoto, dawa ya presha ya mama, mabati ya nyumba ambayo bado iko kwenye lenta. Zikipungua njiani, vinavyopungua ni hivyo.

Watumaji wengi hutazama ada. Wanalinganisha nani anatoza dola mbili na nani anatoza tano, wanachagua, wanabonyeza. Ila kuna makato ambayo hayamo humo. Yamo katika kiwango cha kubadilisha fedha.

Chukua mtu aliye Houston mwenye dola 200 za kumtumia mama yake Kisii, siku ambayo dola moja ni shilingi 129 kwa kiwango cha Benki Kuu ya Kenya. Kampuni moja inamkata dola 2, kisha inambadilishia kwa shilingi 128.50. Nyingine inatangaza kwa herufi kubwa kwamba haitozi ada yoyote, lakini inambadilishia kwa 126. Kwa ya kwanza mama atapata shilingi 25,443. Kwa hii ya "bure" atapata 25,200. Pasingekuwa na makato yoyote angepata 25,800. Shilingi 600 zimechukuliwa na aliyesema hachukui kitu, na risiti haina mstari unaozionyesha.

Siri hiyo huleta ugomvi ndani ya familia. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi kama 129. Dola 200 zilezile zilizokuwa zikifika kama shilingi 32,000 zikawa hazifiki 26,000. Mama anaona mwana amepunguza mkono, mwana anaapa hajapunguza hata senti. Na katika miezi kama hiyo hakuna kati yao anayeweza kujua ni kiasi gani kimechukuliwa na soko na ni kiasi gani kimechukuliwa na kampuni ya kutuma pesa.

Benki zina hesabu yao. Ukituma moja kwa moja kutoka akaunti yako hadi benki ya nyumbani, benki nyingi kubwa za Marekani hutoza kati ya dola 35 na 50. Pesa ikipitia benki ya kati, nayo inaweza kumega chake, kisha benki inayopokea ikatoza ada ya kupokea. Kwa dola 200 huo ni wazimu. Kwa dola 10,000 za kununulia kiwanja, ada ya dola 45 haifiki hata nusu asilimia, na hapo benki huwa njia nzuri, hasa mpokeaji akiwa na akaunti ya dola. Pesa inafika ikiwa dola, naye anaweza kuzungumza na benki kuhusu kiwango kabla ya kubadilisha. Kwa kiasi kama hicho, tofauti ya shilingi tatu tu kwa dola ni shilingi 30,000. Mtu asikubali kiwango cha kwanza anachopewa.

Kinachonisikitisha ni jinsi tunavyopigania makato yanayoonekana na kuyaacha yaliyojificha. Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu Julai 2021, wananchi walipaza sauti, na kabla miezi miwili haijatimia serikali ilikuwa imetangaza kuipunguza kwa asilimia 30. Mwaka 2025, Bunge la Marekani lilipopendekeza kodi ya asilimia 5 kwa pesa zinazotumwa nje na wasio raia, diaspora nzima ilishtuka. Sheria iliyopitishwa iliishia asilimia 1, kuanzia Januari 2026, kwa wanaolipia kwa fedha taslimu na njia zinazofanana nayo. Anayetumia akaunti ya benki au kadi iliyotolewa Marekani hakatwi. Kwa hiyo mzigo unamwangukia asiye na akaunti, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo zaidi, na ni haki kuulalamikia. Lakini kile kiwango cha 126 katika mfano wetu kimekata zaidi ya asilimia 2, na hakuna aliyeandamana.

Kampuni zina utetezi, nao si wa uongo wote. Kuwalipa mawakala kuna gharama. Ukaguzi wa fedha haramu una gharama, na ulizidi kwetu baada ya Tanzania kuwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na fedha haramu, mwaka 2022 na Kenya mwaka 2024. Sawa, walipwe. Lakini gharama halali haina sababu ya kufichwa.

Ahadi tumepewa nyingi. Mwaka 2009 mataifa ya G8 yaliahidi kushusha gharama ya kutuma pesa kutoka asilimia 10 hadi 5 katika miaka mitano. Muda uliisha, lengo halikufikiwa. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliweka lengo la chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, wastani wa kutuma dola 200 Afrika kusini mwa Sahara bado unazunguka asilimia 8.

Kuna jambo linalowezekana bila kungoja mikutano mingine. Tangu mwaka 2013 sheria ya Marekani inazitaka kampuni za kutuma pesa zimwonyeshe mteja, kabla hajalipa, ada, kiwango cha kubadilisha na kiasi kitakachopokelewa, na kwa kawaida inampa dakika 30 za kughairi. Benki Kuu ya Kenya na Benki Kuu ya Tanzania ziongeze upande wetu: kila ujumbe anaoupata mpokeaji uonyeshe kiwango kilichotumika, na kando yake kiwango cha Benki Kuu cha siku hiyo. Benki zote mbili tayari hutangaza viwango vyao kila siku ya kazi.

Mpaka hapo, ndugu unayetuma, usiulize ada ni kiasi gani. Uliza ni shilingi ngapi zitafika, linganisha njia mbili tatu kwa swali hilo moja, kisha uongeze na ya kutolea.