Faili la Kakuma na kitabu kilichofungwa

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa sababu ya watoto. Maelfu ya wavulana kutoka kusini mwa Sudan, waliofukuzwa Ethiopia na vurugu zilizofuata kuanguka kwa utawala wa Mengistu huko mwaka uliotangulia, waliingia Turkana kwa miguu bila wazazi. Tangu hapo kuna kazi moja kambini isiyozungumzwa kama unavyozungumzwa mgao wa chakula, nayo ni kutafuta watu. Msalaba Mwekundu wa Kenya, ukisaidiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, huchukua maelezo ya mtu aliyepotezana na jamaa zake, hupeleka barua fupi za habari za nyumbani kuvuka mipaka, kisha huulizia kijiji kwa kijiji. Si kazi ya jana: ofisi ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Basel mwaka 1870, wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia. Basi mtoto aliyetenganishwa na wazazi wake na vita anapo pa kuulizia. Aliyetenganishwa nao na amri ya mahakama, hata kama ilitolewa kwa nia njema kabisa, huachwa ajitafutie. Sijaona hoja inayotosha kuitetea tofauti hiyo.

Inafaa kutazama jinsi kazi ya kambini inavyofanywa. Anayetafuta haulizwi jina la ndugu yake tu, maana jina la Kidinka likiandikwa na karani mwenye sikio la Kiarabu, kisha na mwingine mwenye sikio la Kiingereza, huwa majina mawili. Huulizwa baba ni nani, babu ni nani, kijiji gani, chifu gani, walionana wapi mara ya mwisho. Na anayetafutwa akipatikana, anwani yake haitolewi mpaka akubali mwenyewe. Thamani ya maswali hayo huonekana yanapokosa majibu. Kati ya wavulana zaidi ya 3,000 waliohamishiwa Marekani kuanzia mwishoni mwa 2000, wengi waliandikiwa Januari mosi kuwa siku yao ya kuzaliwa, kwa kuwa siku ya kweli haikuandikwa popote.

Kwa mtoto aliyeasiliwa, mambo yamegeuzwa: kumbukumbu ipo, njia ya kuifikia ndiyo ngumu. Karibu kila Mkenya aliyeasiliwa ambaye leo ni mtu mzima alipitia Sheria ya Watoto ya 2001 au ile iliyoitangulia. Sheria ya 2001 ilimtaka Msajili Mkuu aweke rejista ya walioasiliwa, na pamoja nayo vitabu vya kuunganisha maandishi ya kuzaliwa na yale ya kuasiliwa. Uzi haukukatwa, ulifungiwa kabatini. Vitabu hivyo havikuwa wazi kwa umma, na habari zake hazikutolewa ila kwa amri ya mahakama. Sheria hiyo imefutwa na ile ya 2022, lakini kilichoandikwa enzi zake hakikufutika. Isitoshe, Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, unaompa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana, na mwaka 2007 ikajiunga na Mkataba wa The Hague kuhusu uasili wa kimataifa, ambao kifungu chake cha 30 kinaitaka nchi ihifadhi habari za asili ya mtoto, hasa wazazi wake na historia ya afya. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha uasili wa watoto kwenda nchi za nje. Hilo liliwahusu ambao wangeondoka. Waliokwisha kuondoka nao wanakua, na maswali yao yatarudi hapa.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la mama. Huenda alimtoa mtoto kwa siri, akaolewa, akazaa wengine, na hodi moja ikamvunjia nyumba. Uingereza ilikutana na shida hiyohiyo. Uskoti ilikuwa imewaruhusu walioasiliwa kuiona kumbukumbu ya kuzaliwa kwao tangu 1930; sheria ya 1975 ilipoileta haki hiyo Uingereza na Wales, iliwataka walioasiliwa zamani wakutane kwanza na mshauri, kwa sababu mama zao waliahidiwa usiri. Kakuma ina jibu lililo rahisi zaidi: mjumbe huuliza, mhusika huamua. Tena tusimfikirie mama kama mtu anayejificha tu. Wapo pia akina mama waliomkabidhi mtoto wakati wa njaa na wangependa kujua kama yu hai, na kwao kabati lile limefungwa vilevile.

Wengine watasema kwamba Turkana watoto wachache mno hupitia mahakamani, na kweli. Mtoto hulelewa na nyanya au mjomba, na mahari isipokamilika huhesabiwa wa boma la baba ya mama yake. Lakini hilo linaikuza hoja yangu. Anayelelewa na ukoo anaijua emachar yake, yaani ukoo na chapa inayopigwa kwenye mifugo, na anajua asimwoe nani. Asiyeijua ni yule aliyepelekwa makao ya watoto Lodwar au mbali zaidi, akapewa jina jipya. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye makao warudi katika familia. Watarudije kwa familia zisizoandikwa?

Kuna wanaoamini kwamba vinasaba vitamaliza kazi yote. Mwaka 2008 Marekani iliwapima wakimbizi jijini Nairobi waliokuwa wakiomba kuunganishwa na jamaa zao, ikakuta wengi hawana damu moja na waliowataja, ikausimamisha mpango huo hadi 2012. Udanganyifu ulikuwepo, bila shaka. Lakini kipimo hakiwezi kumtofautisha tapeli na mwanamke aliyemlea yatima wa jirani miaka 10 akamwita mwanawe. Kinafaa kuthibitisha kile ambacho karatasi na wazee wamekwisha kukisema. Kikiwekwa mlangoni kuwa bawabu, kitawarudisha watu wa haki.

Gharama? Katika kaunti inayohangaika na ukame, swali hilo ni halali. Ila sidai shirika jipya wala jengo. Lodwar ina Mahakama Kuu na maafisa wa watoto, na njia ya kuuliza kwa ridhaa inatumika Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Kilicho ghali ni kutafuta baada ya miaka 20. Kuandika ni rahisi: mama, baba ya mama, emachar, chifu, kisima walichokuwa wakinyweshea mifugo, aliyemleta mtoto na sababu yake, yote yajazwe siku mtoto anapopokelewa, wakati aliyemleta bado amesimama pale mlangoni na bado anakumbuka.