Hati ya Bima Iandikwe kwa Lugha ya Mwenye Gari

Neno "bima" si geni kwetu. Lilitufikia Pwani kutoka Bara Hindi, likazoea ndimi zetu, na leo hata mtoto wa chuoni hulijua. Kilicho kigeni ni hati yenyewe ya bima. Kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mahakamani, na mwenye gari wa Kisauni, Bamburi au Mtwapa huitia sahihi kama mtu aliyetiliwa barua ya posa mkononi akaambiwa asiisome.

Siku hizi gari si la tajiri peke yake. Mwalimu, karani na mwenye duka wa vitongojini hukopa kwenye sacco, akanunua gari la Kijapani lililokwisha tumika, apate kuvuka daraja la Nyali asubuhi kwenda kazini. Deni halijafika nusu, na gari ndilo mali yake kubwa. Akifika kwa ajenti huulizwa: "Thadi pati au komprehensivu?" Naye hujibu kwa swali: "Ipi rahisi?" Hapo biashara imekwisha.

Thadi pati ni mtu wa tatu. Wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, wa tatu ni yule utakayemgonga. Hii ndiyo iliyolazimishwa na sheria, Sura ya 405, na ni sheria ya haki, kwani mpita njia hana kosa. Lakini gari lako likipinduka, likiungua au likiibiwa usiku, huna lako. Tena sheria humlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya hadi shilingi 3,000,000 tu kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikiamua zaidi, salio huenda likakuandama wewe. Na hao unaowapakia katika gari la binafsi, mkeo na wanao, sheria hiyo haikulazimishi kuwakatia bima. Ni wangapi kati yetu wanaolijua hilo?

Komprehensivu ndiyo ilindayo gari lenyewe, na ada yake huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuseme ni asilimia 4: gari la shilingi 900,000 ni 36,000 kwa mwaka, mbali na tozo ndogondogo na stampu ya shilingi 40. Si haba kwa mtu mwenye watoto shuleni. Basi wengine hufanya werevu, gari la 900,000 likaandikwa 450,000 ili ada ipungue. Ajenti hutabasamu. Siku ya ajali fundi adai 200,000, kampuni yahesabu 100,000, kwani uliyemkatia bima ni nusu ya gari, na nusu ya hasara ndiyo haki yako. Hapo bado haijatolewa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye gari hujibebea, ambayo maajenti huiita "ekses". Wala huo si wizi. Imeandikwa. Imeandikwa mahali pasiposomeka.

Linalonisikitisha zaidi ni la ujirani. Mtu atoka Mtwapa peke yake garini, petroli ni ghali, awapakia majirani watatu na kila mmoja amtilia chochote mkononi. Kwetu huo ni wema. Katika hati, gari lile limekatiwa bima ya matumizi ya binafsi, na akipokea nauli ameifungulia kampuni mlango wa kukataa dai. Nani alimwambia?

Sisi tuliokaa mbele ya maalimu twajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Bakara, haizungumzi Pepo wala Moto. Yazungumza kuandikiana deni. Mwandishi aandike kwa uadilifu. Mwenye kudaiwa ndiye atamke la kuandikwa. Na akiwa hawezi, msimamizi wake amtamkie kwa haki. Ajenti aliyefunua ukurasa wa mwisho na kuonyesha kidole pa kutia sahihi hakumtamkia mtu kitu.

Wako wangali wakisema Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Lugha yenye rehani, amana, dhamana, fidia, mdai na mdaiwa imeshindwa na nini? Hiyo "ekses" nami naipa jina sasa hivi: fungu la mwenye gari. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi mamlaka ya serikali inayosimamia bima na iagize kila kampuni iambatishe kwenye hati ukurasa mmoja wa Kiswahili: kinacholipwa, kisicholipwa, fungu la mwenye gari ni kiasi gani, na gari lisitumiwe kwa kazi gani.

Hadi hapo, ndugu msomaji, usiulize ipi rahisi. Muulize ajenti gari lako ameliandika thamani gani, walio ndani wamo au hawamo, na maji ya mvua yakiingia kwenye injini ni hasara ya nani. Akishindwa kukujibu kwa Kiswahili, rudisha kalamu yake. Afisi za bima mjini ni nyingi.