Santuri Zetu Zisioshwe kwa Kubahatisha

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay, akaimba mbele ya mitambo ya kunasia sauti. Kwa njia ya santuri, sauti yake ikawafikia hata wasiopata kumwona. Urithi huo, pamoja na santuri zilizofuata, leo unakabiliwa na adui asiyedhaniwa: chupa ya dawa ya kusafishia.

Ifahamike kwamba santuri si za aina moja. Zile za kale, nzito na zenye kuvunjika upesi, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, kwa kawaida ni za shelaki, yaani utomvu utokanao na wadudu. Zile ndefu za vinili zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948. Spiriti kidogo iliyochanganywa na maji huvumiliwa na vinili. Lakini shelaki huiyeyusha, na wimbo ukishayeyuka haurudi.

Jambo la pili ni umri wa dawa. Maji yaliyokenekwa, yenye matone machache ya sabuni laini, hufaa kwa aina zote mbili. Lakini mchanganyiko huo hauna kinga, na katika joto na unyevu wa visiwani huota ukungu. Spiriti nayo, chupa ikiachwa wazi, huruka na kupungua nguvu. Dawa iliyofanya utando, machicha au harufu si dawa tena. Wala maji ya kisima si badala yake, kwani chokaa ya mawe yetu ya matumbawe hubakia katika mistari.

Kwa hiyo hatuafiki desturi ya kununua dawa kwa wingi na kuirundika ghalani. Ofisi zinazohifadhi santuri zichanganye kiasi cha kazi ya siku, ziandike tarehe kwenye kila chupa, na zimwage kilichobaki. Nao wananchi majumbani wapanguse kwa kufuata mzunguko wa mistari, wasiloweshe karatasi ya katikati, wasuuze, kisha wazikaushe kivulini zikiwa zimesimama.

Wapo watakaosema kuwa Serikali ina mambo makubwa kuliko vumbi la santuri. Ni kweli, hospitali na shule hutangulia. Lakini hapa hatuombi fungu jipya la fedha. Tunaomba kalamu, kipande cha karatasi, na mtu mmoja wa kuulizwa. Wahenga walikwishatuonya: mali bila daftari huisha bila habari.