Kipimo cha dhahabu kisikurudishe nyumbani

Ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha kala-azar ni dhahabu tupu: chembe zake ndogo mno, zilizofunikwa protini. Tone la damu tu, na chini ya nusu saa jibu limepatikana.

Hata hivyo, katika Afrika Mashariki kipimo hicho huwakosa baadhi ya wagonjwa. Wataalamu wametengeneza vishada vya dhahabu vidogo zaidi, vya atomu kumi hadi mia hivi, vilivyovikwa molekuli za kaboni visiharibike. Hivi hung'aa vikimulikwa, na huenda siku moja vikafichua yasiyoonekana kwa macho. Lakini Garissa haiwezi kungoja maabara za ng'ambo.

Homa ikipita wiki mbili na bandama ikavimba, usikubali kurudi nyumbani eti mstari haukutokea. Dai upimwe kwa njia nyingine, kwani kala-azar isiyotibiwa huua wagonjwa zaidi ya 95 katika kila 100. Mlipuko wa 2000 na 2001 uliokumba Wajir, Mandera na ng'ambo ya mpaka ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 900. Serikali za kaunti zifikishe vipimo zahanati za mashambani kabla ya mwingine.